Jumamosi ya Meno Meupe

Alhamisi ile tulikwenda kuchukua meno. Ndivyo rafiki yangu alivyosema aliponipigia simu asubuhi, "Twende tukachukue meno," kama mtu anayekwenda kuchukua suruali kwa dobi, na nilicheka kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa anacheka.

Fundi meno alikuwa na chumba kimoja nyuma ya duka la vipuri vya pikipiki, Ngarenaro. Wiki mbili kabla alikuwa amemng'atisha kitu laini kama udongo, chenye harufu ya pipi, akachukua umbo la mdomo wake. Sasa alifungua kikopo akatoa kava: kipande chembamba cha plastiki nyeupe chenye sura ya meno kumi ya juu, cha kuvalishwa juu ya meno yake mwenyewe mchana na kuvuliwa wakati wa kulala. Rafiki yangu alilivaa akiwa ametugeuzia mgongo. Alikaa hivyo muda mrefu, akimeza mate, akiuzoeza ulimi. Kisha akageuka.

"Haya, Mchaga," akasema. "Sema."

Miaka sita nilikuwa namfahamu, na katika miaka hiyo sikuwahi kumwona akicheka bila mkono kupanda mdomoni. Mkono ulikuwa sehemu ya kicheko chake. Pale chumbani ulipanda kama kawaida, ukafika kidevuni, ukasita, ukashuka. Ukakaa pajani kama kitu kilichoachishwa kazi.

Alizaliwa Maji ya Chai, mashariki ya Mlima Meru, na mito ya huko ina madini yanayoingia kwenye meno ya mtoto kabla hata hayajaota. Yanaota yakiwa ya kahawia, mengine yana vishimo. Mjini Arusha mtu akifungua mdomo unajua alikulia maji gani, na kwa kawaida hakuna anayesema kitu, kwa sababu mwenye duka anayo, mchungaji anayo, na mwalimu aliyekufundisha hesabu alikuwa nayo. Lakini wapo wanaosema. Alisemwa akiwa sekondari, na msichana mwenye meno kama yangu. Mimi nililelewa na bibi yangu Kilimanjaro, nikanywa maji ya kule, na meno yangu sikuwahi kuyafikiria hata siku moja.

Rafiki yetu wa tatu alikuwa na meno mabaya kuliko yake wala hakujali. Alikuwa fundi wa spika na redio, Mwarusha wa upande wa magharibi wa mlima, ambako baba yake bado anafuga. "Mimi nikizeeka hayatabadilika rangi," alipenda kusema. "Nyie ndio mtapata mshtuko." Tulimwita Ero, kama wanaume wa kwao wanavyoitana, naye alituita wake wa mchungaji, sote wawili, bila sababu yoyote.

Rafiki yangu alishona sare za shule katika duka lenye cherehani mbili. Siku nzima alikuwa na pini mdomoni, saba au nane, zimebanwa kati ya midomo. Nadhani alizipenda. Mtu mwenye pini mdomoni hatakiwi kuongea na mteja. Na kwa kuwa hakuweza kuongea, aliimba, midomo ikiwa imefungwa, mguu ukikanyaga cherehani. Sauti ilitokea kifuani na puani kwa pamoja, nzito, yenye mikwaruzo, kama mtu anayezungumza nyuma ya mlango na wewe uko upande wa pili, husikii maneno ila unajua ni habari mbaya. Kwenye kwaya ya usharika walimweka mstari wa nyuma kabisa. Mwalimu wa kwaya alimwambia afungue mdomo mpaka akachoka.

Wa kwanza kuisikia sauti ile kwa masikio yanayostahili alikuwa mzee mmoja mpiga gitaa. Ujana wake alipiga dansi hotelini, kisha akaishi ughaibuni miaka mingi, akarudi Arusha na nywele nyeupe na bluzi, ule muziki wa huzuni wa Wamarekani weusi. Siku moja ya mvua alipeleka amplifaya kwa Ero ikatengenezwe. Rafiki yangu alikuwa pale, amekwenda na suruali ya Ero aliyoipunguza. Umeme ukakatika. Mlango ulikuwa nusu umefungwa kwa sababu ya mvua, ndani kiza, na mzee, kwa kuwa hakuna cha kufanya, akaanza kupiga gitaa lisilo na umeme, polepole, nyuzi zikisikika kama mtu anakuna ukuta. Rafiki yangu akaanza kuguna humo ndani. Baadaye akatia maneno, wimbo alioutunga mwenyewe kwenye cherehani. Ero aliniambia kwamba hakuthubutu hata kuweka bisibisi mezani.

Walipomaliza mzee akalaza gitaa magotini. "Mwanangu, hiyo amekufundisha nani?"

"Hakuna, mzee. Shikamoo."

"Marahaba." Na hapo ndipo akamwambia. Alikuwa anatafuta sauti tangu arudi. Jumamosi ya mwisho wa mwezi alikuwa na onyesho Kwa Mrombo, katika bustani ya nyama choma. Aje aimbe wimbo huo mmoja. Wimbo ukienda kama ulivyokwenda hapa, Jumamosi zote ni zake, na baada ya hapo watakwenda Nairobi kurekodi.

Alinisimulia usiku ule huku analia. Nilikuwa sijui mtu anaweza kulitaka jambo namna ile. Alikuwa na miaka ishirini na tisa, alikuwa ameshona sketi za bluu tangu amalize kidato cha nne, na hakuna mtu aliyewahi kumwambia, "Nakutafuta wewe."

Siku tatu baadaye alikwenda kwa fundi meno. "Siwezi kusimama mbele za watu na hii," aliniambia, bila kutaja hii ni nini. "Kuna taa pale. Kuna simu. Watu watarekodi."

Sikumkataza. Ningemkataza kwa mdomo upi?

*

Ijumaa jioni aliniimbia chumbani kwake, Elerai. Nilikaa kitandani, yeye alisimama mbele ya kioo cha kabati. Alikuwa amevaa kava tangu asubuhi ili alizoee, na ulimi ulikuwa umeshapata njia zake, isipokuwa kila penye s palitoka mluzi mdogo.

Alifungua mdomo, akaimba.

Nilijua tangu mstari wa kwanza. Sauti ilikuwa safi. Ilitoka yote, ikajaa chumbani, ikagonga bati ikarudi, na ilikuwa sauti ya mtu yeyote. Ilikuwa sauti ya dada anayeimba harusini wakati bwana na bibi wanakata keki. Ule mlango haukuwapo tena. Kumbe miaka yote ile, kwa kubana midomo ili meno yasionekane, kwa kusukuma pumzi ipite puani na pembeni mwa pini, alikuwa amejijengea sauti isiyo ya mtu mwingine, na sasa alipopata ruhusa ya kufungua mdomo haikuwa na pa kukaa.

Na huku anaimba alikuwa anajitazama kwenye kioo. Hakuwa anajisikiliza. Alikuwa anajitazama, kama mtu anayemtazama ndugu aliyerudi baada ya kudhaniwa amekufa.

"Vipi?" akaniuliza.

"Umependeza."

"Sikuulizi kama nimependeza. Nimeimbaje?"

Kazi yangu ni kusikia. Nimekaa na waandishi wenzangu kwenye meza za vibanda vya kahawa nikawaambia bila aibu kwamba ukurasa wao umekufa, kwamba sentensi hii haina damu, na wamenichukia wiki mbili wakarudi. Nilijiona mtu jasiri. Jioni ile nilimtazama yule mwanamke anayecheka bila mkono, nikasema, "Vizuri."

"Kweli?"

"Kweli. Vizuri sana."

*

Juni Arusha ni baridi. Jumamosi ile mlima ulikuwa umefunikwa tangu asubuhi, na jioni wingu lilishuka likachanganyika na moshi wa majiko ya nyama mpaka hukujua lipi ni lipi. Watu walikuja na makoti na mashuka. Walikuwapo waongoza watalii waliotoka mbugani siku hiyohiyo, bado na vumbi kwenye viatu, wauguzi, wanasheria, wazungu wachache wa mashirika, na wale wa kawaida wa Kwa Mrombo waliofuata nyama tu na hawakujua kuna muziki.

Ero ndiye alikuwa anaendesha mitambo. Alitukuta mezani kabla hawajaanza, akamtazama rafiki yetu.

"Heh. Umekuwa kama mtangazaji wa taarifa ya habari."

"Na wewe umekuwa kama ulivyokuwa juzi."

"Mke wa mchungaji, leo nitakuwekea mwangwi mpaka mlima ukuitikie. Lakini cheka kidogo kidogo, usinipofushe, nina nyaya za kuangalia."

Alicheka, mdomo wazi, kichwa nyuma. Mbuzi alikuja kwenye sinia na ndizi za kuchoma, na yeye hakula, maana fundi alimkataza vitu vigumu. "Nimekuja Kwa Mrombo kunywa soda kwa mrija," akasema. "Mkinisimulia mtu hatawaamini." Alikuwa na furaha ambayo sikuwahi kumwona nayo. Alimsalimia kila mhudumu aliyepita. Alimwuliza mmoja anatoka wapi, akamwuliza mwingine mtoto wake anasoma darasa gani. Niligundua kwamba nilikuwa sijawahi kumwona akianzisha mazungumzo na mtu asiyemjua.

Mzee alipanda na vijana wake wawili, wa besi na wa ngoma. Hakusalimia. Alipiga uzi mmoja, akauvuta kwa kidole mpaka ukalia, akauacha. Kisha akaimba, nusu Kiswahili nusu Kiingereza, habari ya kaka yake aliyeondoka na hakuandika barua. Bluzi ina namna ya kusema jambo mara mbili, kana kwamba mara ya kwanza hukuamini, na mara ya tatu linakuja jibu ambalo halikusaidii. Bustani ilinyamaza. Mama mmoja meza ya jirani alikuwa ameshika kipande cha ndizi, hakukila, hakukiweka. Nilifikiri: hawa watu wanajua kilio. Hawa watamwelewa. Nikafikiri pia: labda jana nilikosea mimi. Labda ni bati la chumba chake.

Baada ya nyimbo nne mzee akasema kwenye maikrofoni, "Yupo binti yangu mmoja hapa. Nilimsikia siku ya mvua. Njoo, mama."

Akapanda. Akasimama kwenye taa, akatabasamu, na watu wakapiga miluzi hata hajaanza. Simu zikainuliwa. Mzee akaanza tuni ileile aliyoipiga kwenye karakana ya Ero, polepole, akiacha nafasi katikati.

*Kuku wamerudi bandani, wewe bado uko njiani.*
*Kuku wamerudi bandani, wewe bado uko njiani.*
*Nitafunga mlango taratibu, usije ukasikia.*

Alikuwa anaimba vizuri. Sijui nieleze vipi ubaya wa kuimba vizuri. Kila neno lilisikika. Alinyoosha mkono, akatabasamu penye mlango unaofungwa, na kwenye *usije ukasikia* mluzi ule mdogo ulipita kwenye spika mara mbili. Nilimwona Ero akiinua kichwa kutoka kwenye mitambo. Alishusha kitufe kimoja, akapandisha kingine, akasubiri, akavirudisha. Kisha akanitazama mimi, juu ya vichwa vya watu wote, na nikatazama pembeni.

Mzee naye alikuwa anatafuta. Alilegeza gitaa mpaka likawa karibu kimya, akampa nafasi, kama siku ile. Mzunguko ulipofika mwisho hakumaliza, alirudi tena mwanzo, akamsogelea, akainamisha sikio. Rafiki yangu alidhani ni heshima. Akaongeza sauti. Mzee akazunguka mara ya tatu. Baada ya hapo sikumwona akimtazama tena. Alipandisha mwendo, akawapa ishara vijana, wakaumaliza wimbo kwa uchangamfu, pa-pa-pam, kama wanavyomaliza nyimbo za sherehe.

Watu walipiga makofi sana. Walisimama. Hawakuwa wanamdanganya. Walikuwa wameona dada mzuri anayeimba vizuri, na hawakuwa na habari ya kitu kingine chochote.

Alirudi mezani akanikumbatia, mashavu yake ya moto kwenye baridi ile. Kijana mmoja mwongoza watalii aliomba kupiga naye picha. Akakubali. Akampangia hata pa kusimama.

Mzee aliposhuka mapumzikoni nilikwenda kwenye mitambo. Alikuwa amesimama na Ero, anafuta nyuzi kwa kitambaa.

"Yule dada wa siku ile umeme umekatika," alikuwa anauliza, "ndiye huyu?"

"Ndiye, mzee."

Akaendelea kufuta. "Sura ndiyo," akasema.

Mzee akakunja kitambaa. "Mwambie nashukuru. Mwambie ameimba vizuri."

"Na Jumamosi ijayo, mzee?"

"Mwambie ameimba vizuri."

Nikajiingiza. Nikamwambia, mzee, shikamoo, samahani, amevaa kitu mdomoni, ni hicho tu, akikivua atarudi kama alivyokuwa. Akanigeukia.

"Wewe ulijua?"

"Ndiyo."

"Tangu lini?"

"Jana."

"Na hukumwambia." Haikuwa swali. Akatazama kule mezani, ambako kijana wa pili alikuwa anaomba picha. "Sasa unataka nimwambie mimi? Nimwite mtoto wa watu nimwambie vua meno uje uniimbie? Nina mabinti watatu, mama. Siwezi kumwambia mtu neno hilo."

Akapanda tena jukwaani.

*

Tulirudi kwenye pikapu ya Ero, spika nyuma zimefunikwa turubai, sisi watatu mbele, rafiki yangu katikati. Alikuwa anatazama picha alizotumiwa. Mwanga wa simu ulimpiga usoni.

"Mzee amesemaje?"

"Amesema umeimba vizuri," Ero akasema.

"Jumamosi nije saa ngapi?"

Ero akabadilisha gia. Tukapita mataa, tukapita kituo cha mafuta. Aliuliza tena, taratibu zaidi, akiwa amenigeukia mimi. Ndipo nikasema. Nilisema yote, vibaya, bila mpangilio, sauti na meno na pini na kioo, kwamba nilikuwa nimeisikia Ijumaa, kwamba ilikuwa imeondoka.

Alizima simu.

"Ijumaa ulijua."

"Nilijua."

"Nikakuuliza mara mbili."

"Uliniuliza."

Aliigeuza simu kifudifudi pajani. "Kwa hiyo mlikuwa mnanipenda nikiwa nimefunga mdomo," akasema.

"Mimi nakupenda hata ukiwa umelala," Ero akasema, na akajua wakati huohuo kwamba hakupaswa. Hakuna aliyecheka. Tulipofika kwenye kona ya kwao rafiki yangu alisema, "Hapa panatosha," akanipita magotini akashuka, akatushukuru kwa lifti kama alivyofundishwa nyumbani, akaenda.

Nilimwacha siku tisa. Kisha nikaenda dukani. Alinisalimia kwa adabu, akaniletea stuli. Kava lilikuwa mdomoni, na pini sasa zilikuwa kwenye kimto kidogo alichofunga mkononi. Nilimwuliza kama amejaribu bila kava. Alisema amejaribu. Jumapili ile, taa zimezimwa, mlango umefungwa, kava kwenye kikombe cha maji.

"Haikuja," alisema. "Nilibana midomo kama zamani. Nikawa najisikia nikibana." Alikata uzi. "Zamani nilikuwa sijui kama ile ni sauti. Nilidhani ni aibu tu."

Nilitaka kusema kitu. Nilikuwa na maneno mengi, na yote yalikuwa mazuri, na nilikuwa nimeshaona maneno yangu mazuri yanavyofanya.

Mama mmoja aliingia na msichana wa darasa la kwanza, anataka sketi inayoweza kushushwa pindo mwakani. Rafiki yangu alipiga magoti akampima kiuno, akamwuliza kama anaogopa shule. Mtoto akasema anaogopa choo cha shule. Akacheka, mdomo wazi, na mama akacheka, na mtoto naye, asijue wanachekea nini. Kilikuwa kicheko kizuri, na ningekuwa mtu mbaya kutamani kisingekuwapo. Alirudi kwenye cherehani akaikanyaga. Nilisimama mlangoni nikasikiliza mpaka akamaliza mshono mzima, akageuza kitambaa, akaanza mwingine. Ilisikika cherehani peke yake.